Kabla ya kuongeza megabiti, tazameni darini: barua ya wazi kwa Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu

Kwa: Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu vya Tanzania, Mabaraza ya Vyuo, wakurugenzi wa TEHAMA na wakuu wa vitengo vya ununuzi
Nakala: Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania

YAH: FEDHA ZA MTANDAO WA WI-FI KATIKA BAJETI IJAYO

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Malalamiko ya wanafunzi huwafikia mezani kwa sentensi moja: "Wi-Fi ya chuo haifungui kitu." Jibu nalo limezoeleka. Bajeti inaongezwa mstari wa kupandisha kasi ya intaneti, laini ya megabiti 100 kwa sekunde inakuwa ya 300, ankara inalipwa, na muhula hauishi malalamiko yamesharudi. Sisi ni mafundi na wahandisi wa mitandao. Tunawaomba msilipie hata megabiti moja ya ziada kabla hamjapima mtandao wenu unakwama wapi. Mara nyingi haukwami kwenye laini inayoingia chuoni. Unakwama darini, kati ya simu ya mwanafunzi na kile kisahani cheupe cha aksesi pointi kinachorusha Wi-Fi, na kwenye makabati yaliyofichwa chini ya ngazi.

Chukueni ukumbi wa mihadhara wa viti 400. Saa nne asubuhi mhadhiri anasema, "Fungueni slaidi za leo kwenye Moodle." Faili lina megabaiti 20. Watu 400 wakilipakua ni gigabaiti 8, yaani gigabiti 64, kwa kuwa baiti moja ni biti 8. Tuseme Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni, iko kwenye seva ya chuo chenyewe, na kebo ya gigabiti 1 kwa sekunde inatoka huko hadi ukumbini. Kwa kebo hiyo, kazi yote ni sekunde 64. Lakini darini kuna visahani viwili tu, vyote vikihudumia masafa ya gigahezi 2.4, na kwa msongamano wa ukumbi uliojaa, kila kimoja kikitoa megabiti 20 halisi kwa sekunde kimejitahidi. Jumla ni 40. Slaidi zilezile sasa zinachukua zaidi ya dakika 26, nusu ya kipindi. Intaneti ya nje haijaguswa hata kidogo. Nunueni gigabiti nzima kutoka kwa mtoa huduma, na dakika zitabaki 26.

Sababu iko kwenye tabia ya mawimbi yenyewe. Ndani ya chaneli moja, yaani njia moja ya mawimbi, kwa kawaida kifaa kimoja tu ndicho hutuma kwa wakati mmoja, na vingine vyote husubiri zamu. Ile namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi la kisahani ni jumla ya mazingira bora ya maabara, wala haihusu ukumbi wenye vifaa 600. Tena anayeongea polepole hula muda wa wote. Simu iliyo kona ya nyuma, mawimbi yakiifikia kwa shida, hushuka hadi megabiti 1 au 2 kwa sekunde, na pakiti yake moja, yaani kifurushi kimoja cha data, inakalia hewa kwa muda ambao simu ya mstari wa mbele ingetuma makumi ya pakiti. Mwanafunzi wa mstari wa mbele anaona kisahani juu ya kichwa chake, alama za mawimbi zimejaa, na bado anangoja.

Gigahezi 2.4 ina chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Kisahani cha nne ndani ya ukumbi uleule lazima kigawane hewa na mwenzake, na ndiyo maana kuongeza vifaa bila mpango kunaweza kuharibu zaidi. Kwenye gigahezi 5 chaneli ni nyingi zaidi, ila mawimbi yake hayapenyi ukuta vizuri, kwa hiyo yanadai visahani vingi vinavyokaa karibu na watu.

Kwa ukumbi huo wa viti 400 sisi tungeanza na hesabu ya vifaa, tuache ya watu: simu 400, na tuseme nusu yao wana kompyuta mpakato, basi ni vifaa 600. Kisahani kimoja kikibeba vifaa 50 hadi 60 vinavyotumia mtandao kweli kinatosha kuitwa kimefanya kazi. Vinahitajika 10 hadi 12. Vyote viwashwe gigahezi 5 kwa chaneli nyembamba za megahezi 20, kila kimoja na chaneli yake. Redio za gigahezi 2.4 ziachwe kwenye visahani vitatu tu, kwa ajili ya simu za bei nafuu zisizo na gigahezi 5, kwingine zizimwe. Visahani vifungwe kuta za pembeni au chini ya viti, visiwe juu katikati, kwa sababu miili ya watu humeza mawimbi, na hapo umezaji huo unatusaidia kuvitenganisha. Vikiwa kumi, kila kimoja kikitoa megabiti 80 halisi, zile slaidi zinafika kwa wote chini ya dakika mbili.

Kabla ya kununua visahani hivyo kuna marekebisho ambayo hayahitaji shilingi. Fundi akiruhusiwa jioni moja anaweza kuyamaliza. La kwanza ni majina ya mitandao. Chuo kinakuwa na jina la wafanyakazi, la wanafunzi, la wageni, la maktaba, la mradi fulani uliokwisha zamani. Kila jina hutangazwa na kila kisahani takriban mara 10 kwa sekunde, na tangazo likienda kwa kasi ya chini kabisa ya megabiti 1, linachukua kama milisekunde 2.5. Majina matano kwa visahani vitatu vinavyosikilizana kwenye chaneli moja ni matangazo 150 kila sekunde: zaidi ya theluthi ya hewa yote imeliwa na matangazo kabla hajatokea mtu wa kufungua barua pepe. Bakini na majina mawili, yasizidi matatu. Zimeni kasi za zamani za megabiti 1, 2, 5.5 na 11, kasi ya chini ianzie 12, na yale matangazo yatachukua sehemu ndogo tu ya muda wa awali.

La pili ni nguvu ya mawimbi. Wengi wanadhani kisahani kikipandishwa hadi mwisho huduma inaboreka. Simu ina redio dhaifu kuliko kisahani. Kisahani kikipaza sana, simu iliyo mbali inakisikia vizuri, lakini jibu lake halirudi. Hapo ndipo ile kauli ya vimbwetani inapozaliwa: "Wi-Fi imejaa lakini haifungui." Nguvu ishushwe ilingane na ya simu, na pasipofika mawimbi paongezwe kisahani.

Hosteli zina kosa lake. Visahani hupangwa kwenye korido kwa sababu ni rahisi kuvuta kebo na mkandarasi anamaliza mapema. Kwenye korido ndefu visahani vinaonana waziwazi na kuingiliana, wakati chumbani, nyuma ya tofali za saruji na mlango, mwanafunzi anapata mabaki. Kisahani kiingie ndani, kimoja kwa kila vyumba viwili au vitatu kadiri vipimo vitakavyoonyesha, kwa mpangilio wa kupishana kulia na kushoto na ghorofa kwa ghorofa. Lengo la kupimia nguvu ya mawimbi ni hasi 65 dBm au bora zaidi, yaani namba iliyo karibu zaidi na sifuri, kwenye kitanda cha mbali kabisa, mlango ukiwa umefungwa, kwa kutumia simu ya kawaida ya mwanafunzi. Mkandarasi akipima kwa kompyuta ya gharama akiwa amesimama mlangoni, kipimo hicho kikataeni.

Na pale Wi-Fi ya hosteli inaposhindwa, wanafunzi hununua bando kwa fedha zao za kujikimu na kuwasha hotspoti. Vyumba 60 vyenye hotspoti 60, nyingi zikiwa gigahezi 2.4, zinaifunika hewa ileile ambayo visahani vya chuo vilikuwa vinaihitaji. Kuzipiga marufuku hakusaidii. Huduma ya chuo ikitengemaa, wenyewe watazizima, maana bando lina bei.

Sasa tushuke kwenye makabati, ambako fedha nyingi hupotea bila kelele. Visahani hupata umeme kupitia kebo ileile ya data, kutoka kwenye swichi, kifaa cha kabatini kinachounganisha kebo zote. Swichi ya matundu 24 yenye bajeti ya wati 370 haiwezi kulisha visahani 24 vinavyokula wati 25 kila kimoja, inalisha 14. Cha 15 hakiwaki, au vyote vinawaka asubuhi kukiwa kimya halafu watu wakijaa vingine vinazima na kuwaka. Kwenye nyaraka za zabuni huandikwa tu "swichi matundu 24", na mzabuni wa bei ya chini analeta kilichoandikwa. Andikeni wati.

Kebo nayo. Sokoni kuna kebo zilizoandikwa Cat6 ambazo nyaya zake ni aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu. Zinakatika kwenye maungio, hupitisha umeme kwa shida na kupata joto zikilisha visahani. Kuitambua kunahitaji wembe: kwangueni uzi mmoja, ukiwa mweupe ndani, rudisheni boksi zima. Mpokeaji wa mizigo ghalani anaweza kufanya hivyo kwa boksi moja moja la mita 305 kabla ya kusaini. Kebo ya shaba isizidi mita 100 kutoka swichi hadi kifaa, na kati ya jengo na jengo pitisheni faiba, msitumie shaba, kwa sababu radi ikipiga uwanjani shaba huibeba hadi kwenye swichi za pande zote mbili. Kabati liwe na UPS, yaani betri ya akiba umeme ukikatika, liwe na tundu la hewa, lisiwe stoo ya mafagio.

Kuna hitilafu mbili ambazo hubisha hodi kila muhula na husingiziwa "intaneti ndogo". Moja ni uhaba wa anwani za IP za ndani, zile namba zinazotambulisha kila kifaa mtandaoni. Mtandao uliopangwa kwa anwani 254 umewekwa kwenye ukumbi wa vifaa 600, na kila anwani ikitolewa inashikiliwa kwa siku nzima, au siku nane kama mipangilio ya awali ya seva za Windows ilivyo. Darasa la saa mbili likiondoka na anwani zote mifukoni, la saa nne linaambulia patupu: simu inaandika "inapata anwani ya IP" na kuishia hapo. Panueni mtandao wa ukumbi hadi anwani 1,022 na mshushe muda wa kushikilia hadi saa moja. Ni mistari michache ya mipangilio.

Ya pili ni ruta ndogo ya nyumbani ambayo mtu ameichomeka ukutani ofisini kwake apate mawimbi zaidi. Akikosea tundu, ruta hiyo inaanza kugawa anwani zake kwa jengo zima na nusu ya watu wanapotea mtandaoni. Swichi zenye uwezo wa kusimamiwa zina kinga ya kuzuia seva ya anwani isiyotambulika, iwashwe. Halafu kila lalamiko la wafanyakazi kuhusu mawimbi lichukuliwe kama ramani: palipo na ruta ya mtu binafsi, ndipo penye upungufu wa kisahani.

Wanaosajili simu za wanafunzi kwa anwani ya kifaa (MAC), waache. Simu za Android tangu toleo la 10 la mwaka 2019, na iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020, hutoa anwani ya kubuni, na usajili wenu unaweza kuvunjika wakati wowote. Njia sahihi ni kila mtu kuingia kwa jina na nywila yake kupitia eduroam, huduma ya Wi-Fi inayoshirikiwa na vyuo duniani. TERNET, mtandao wetu wa elimu na utafiti, ndiyo mlango wake hapa nchini, kama KENET ilivyo kwa Kenya na RENU kwa Uganda. Mwanafunzi wenu akienda chuo kingine kinachoshiriki, simu inaungana yenyewe. Ila wekeni ipasavyo cheti cha seva, kinachoithibitishia simu kwamba seva ni ya chuo kweli, na muwape watu programu ya kujiwekea mipangilio. Mtu akiambiwa "bonyeza usithibitishe cheti", nywila yake inaweza kudakwa na kisahani bandia.

Tuje kwenye laini ya nje, maana hatusemi haina shida kamwe. Inapimwa kwa grafu ya matumizi ya ruta ya chuo, dakika tano tano, kwa muda usiopungua wiki mbili za masomo. Grafu ikiwa na vilima na mabonde, laini inatosha na tatizo liko ndani. Ikiwa imelala bapa juu kama meza tangu saa tatu asubuhi hadi usiku wa manane, laini imejaa. Hata hapo anzeni na foleni: ruta nyingi hurundika pakiti kwenye foleni ndefu, mtu mmoja akipakua programu kubwa wengine wote wanasubiri sekunde nzima kwa kila bofyo. Upangaji wa foleni wa fq_codel au CAKE, pamoja na mgawanyo sawa kwa kila mtumiaji, huirudishia laini ileile uhai. Masasisho ya Windows ya maabara yapakuliwe mara moja usiku na kugawanywa kwa ndani. Seva za zamani za kuhifadhi kurasa hazisaidii tena kwa sehemu kubwa, kwa sababu karibu kila tovuti sasa imefungwa kwa usimbaji.

Kisha hesabuni. Vifaa 3,000 vilivyoungana wakati wa kilele kwenye laini ya megabiti 300 ni kilobiti 100 kwa kila kimoja. Kwa kurasa na ujumbe inatosha, kwa sababu hawabofyi wote kwa sekunde moja. Lakini mmoja katika kila kumi akiangalia video ya ubora wa kati, inayokula kama megabiti 1, hao 300 peke yao wameimaliza laini. Namba ya kununulia itoke kwenye hesabu ya namna hii, kwa kilele mlichokipima, na mkataba useme wazi kwamba kasi ni yenu peke yenu, ni sawa kwenda na kurudi, na itapimwa kwenye ruta ya chuo.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia. Chuo ambacho Moodle yake, hazina ya tasnifu na seva ya majina ya tovuti viko ndani ya chuo au ndani ya nchi kina namna ya kuendelea kufundisha siku kama hiyo. Kilichopangisha kila kitu ng'ambo hakina. Ulizeni leo mitihani yenu ya mtandaoni iko upande gani, na kama mtoa huduma wenu anabadilishana data na mitandao mingine ya nchini kwenye kituo cha TIX Dar es Salaam au anaizungusha nje ya nchi kwanza.

Jambo hili lina haraka ya pekee kwa sababu majengo yanainuka. Mradi wa HEET wa kuimarisha elimu ya juu, ulioanza 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 za Marekani, umeleta kumbi, maabara na kampasi mpya. Bomba la kupitishia kebo likizikwa kabla ya lipu ni gharama ndogo. Baada ya lipu ni kubomoa. Mhandisi wa mtandao aketi na msanifu wa jengo kabla ya michoro kusainiwa, aonyeshe matundu ya kebo mbili kwa kila kisahani, chumba cha kabati kwa kila ghorofa na njia ya faiba hadi lango kuu. Kwenye zabuni ya visahani, leseni zilipiwe miaka mitano kwa mkupuo na vipuri viongezwe asilimia 10. Vipo visahani vinavyosimamiwa kwa leseni ya kila mwaka. Mradi ukifungwa na leseni ikaisha, vinabaki mapambo.

Kipimo tunachokiomba ni hiki. Fundi mmoja aweke programu ya kupimia kasi ya iperf3 kwenye seva ya ndani ya chuo. Kwa siku tatu za masomo, saa nne asubuhi ukumbini na saa tatu usiku hosteli, apime kutoka kiti cha nyuma na kitanda cha mbali hadi kwenye seva hiyo. Muda huohuo apime kutoka kwenye ruta hadi nje ya chuo. Kama ukumbini anapata megabiti 2 na kwenye ruta bado kuna megabiti 150 zimekaa bure, fedha ziende kwenye visahani, swichi na kebo. Kama ni kinyume chake, ongezeni laini na sisi tutaunga mkono.

Vipimo hivyo, pamoja na grafu ya wiki mbili, viambatishwe kwenye kila ombi la fedha za mtandao litakalofika mbele ya Baraza la Chuo. Ombi lisilo na viambatisho hivyo lirudishwe kwa mwombaji.

Wasalaam,

Mafundi na wahandisi wa mitandao ya vyuo